Wazee wa Malka

Ng'ombe wakiingia shambani usiku karibu na Garsen, Kenya, wazee huamshwa. Wa Gasa, baraza la Wapokomo wakulima, na wa Matadeda, la Waorma wafugaji, hutoka pamoja: wakague mahindi yaliyoliwa, wafuate nyayo hadi malka, ile njia ya mifugo kwenda kunywa maji Mto Tana, kisha wakae chini ya mwembe kubishania fidia mpaka jua lipinde. Vijana huketi nyuma wakisikiliza. Ndivyo kazi hii inavyorithishwa, bila cheti. Posho? Labda chai. Mwaka 2012 na 2013 mapigano ya jamii hizi mbili katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100, na magazeti yakajaa. Kesi ya mahindi iliyokwisha mwembeni haiandikwi popote.