Kalamu nyekundu ya mwalimu wa Hisabati

Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza Januari 2023, walimu wa sekondari ya msingi walikuwa wachache kuliko masomo. Hata baada ya masomo kupunguzwa kutoka 14 hadi 9 mwaka wa 2024, shule yenye walimu watatu au wanne haiwezi kumwachia kila mmoja yale mawili aliyosomea chuoni. Ndivyo mwalimu wa Hisabati na Kemia, katika shule moja ya umma upande wa Nyalenda, Kisumu, alivyojikuta na vipindi vitano vya Kiingereza kwa wiki. Chuoni, Kiingereza kwa kawaida huandamana na Fasihi, nayo Hisabati huenda na Fizikia, Kemia au Biashara. Hakuwa na msingi wowote wa kurithi.

Niliomba kuona madaftari aliyosahihisha. Maazimio ya kazi hayaniambii kitu, kila mtu hunakili ya mwenzake.

Muhula wa kwanza alisahihisha insha kama milinganyo: kila kosa duara, kila duara alama chini. Mvulana mmoja alisimulia usiku wa kuvua omena, taa zikielea ziwani na mjomba wake akigombana na upepo. Ilirudi nyekundu tupu. Insha yake iliyofuata ilikuwa nusu ukurasa wa sentensi fupi fupi, zote sahihi, hakuna hata moja yenye habari. Mtoto alikuwa amepiga hesabu vizuri: kama maneno yanagharimu alama, andika machache.

Dawa aliipata katika somo lake mwenyewe. Kwenye Hisabati ya KCSE, mtahiniwa aliyekosa jibu hubaki na alama za njia. Basi akaanza kusoma insha mara ya kwanza bila kalamu, akitafuta njia tu: mtoto alitaka kusema nini, na amefika wapi? Mara ya pili husahihisha aina moja ya kosa, ile iliyofundishwa wiki hiyo. Mengine huyaacha kwenye karatasi, ila anayaingiza katika jedwali: majina upande wa kushoto, aina za makosa juu, yaani nafsi, nyakati, tahajia, uakifishaji.

Safu ya nafsi ndiyo iliyojaa. "My mother sold fish. He came home late." Wengi huliita hili uzembe. Lakini Dholuo, kama Kiswahili, haitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu, na huyu ni mtoto ambaye lugha zake mbili za kwanza hazijawahi kumdai uamuzi huo. Mwalimu aliliona mara moja kwa jicho la anayejua wanafunzi wanaogawanya kwa namba hasi na kusahau kugeuza alama ya kutolingana: wote hukosea pale pale, kwa sababu ile ile. Maelezo marefu hayasaidii. Aliwaketisha wawili wawili, mmoja akasimulia siku ya mama yake na ya mjomba wake kwa zamu, mwenziwe akiinua mkono kila kiwakilishi kinapopotea. Dakika kumi za kipindi cha dakika 40, basi.

Kuna pahali Hisabati ilimponza. Mtaala wa KICD una kusikiliza na kuzungumza, kusoma, sarufi na kuandika, naye akahamia kwenye sarufi na kuweka kambi. Majedwali ya vitenzi yalijaa ubao, watoto wakajaza mapengo bila kosa, na walipoulizwa walifanya nini wikendi wakanyamaza. Kwa maoni yangu zoezi la pengo ndilo mtego mkubwa wa anayetoka kwenye namba: lina jibu moja na linasahihishwa haraka.

Kwenye kuzungumza alikuwa akimkatiza mtoto katikati ya sentensi. Dholuo haina sauti ya "sh", hivyo "fish" hutoka "fis", na darasa huangua kicheko. Katika mji wa samaki neno hilo halikwepeki. Sasa huandika pembeni na kurudia sauti hiyo na darasa zima mwishoni, bila kumtaja aliyeteleza.

Kilichonivutia zaidi ni kazi yake ya ufahamu. Aligundua kuwa wanaoshindwa na maswali ya maelezo katika Hisabati ndio hao hao wanaoshindwa kusoma. Mama ana gorogoro tatu za omena, anauza nusu ya kilichobaki baada ya kumpa jirani moja: kutoa wanajua, kugawanya wanajua, "kilichobaki baada ya" ndicho kinachowazidi. Basi huingia na swali hilo katika Kiingereza akiwa ameondoa namba zote. Nani alikuwa na omena kwanza? Nani alipata, kabla au baada ya kuuza? Hakuna cha kukimbilia kukokotoa, kwa hiyo wanalazimika kusoma. Mwalimu aliyesomea Kiingereza asingelifikiria hilo upesi.

Hadithi bado zinamshinda. Akimaliza ukurasa huuliza maswali yenye jibu moja, nani, wapi, lini, na mtoto akitoa maoni hutazama mwongozo kuona kama yamo. Kipindi cha hadithi, Alhamisi, siku hizi hukichukua mwalimu wa Kiswahili, na huyu wa Hisabati humshikia kimoja cha Kilimo.