Koti la Baridi Hupimwa Kisogoni

Juzi hapa Kashuga kulikuwa na dote, yaani sherehe ya mahari, na bwana harusi akasifiwa mpaka nikaona haya kwa niaba ya wanaosifu. "Amevaa!" wakasema akina mama. "Huyu sapeur kabisa," wakasema vijana. Chenyewe kilichosifiwa kilikuwa kostime ya buluu ya tergali inayong'aa kama mgongo wa nzi, imebana kiunoni hadi kifungo kinaomba msamaha, suruali imekomea juu ya kifundo, soksi hakuna. Mvua ya alasiri ikashuka. Kabla mbuzi hawajamaliza kuhesabiwa, kijana alikuwa anagonganisha meno na lapeli zake zimeota malengelenge. Wakaendelea kumsifu.

Sina ugomvi na kijana. Alilipa pesa yake, akavaa alichouziwa. Ugomvi wangu ni na wazee waliotikisa vichwa wakikubali, watu waliokulia milima hii ya Masisi, ambao baba zao walijua tofauti. Mwanamuziki Papa Wemba na masapeur wenzake walivaa kabuti na ngozi katika joto la Kinshasa, wakatoka jasho kwa ajili ya umaridadi, na dunia ikawaheshimu. Sisi tulio na ukungu wa asubuhi, mvua na upepo wa mlimani, sisi wenye haki halali ya kabuti, tunavaa kitambaa cha kwenda ufukweni. Ile kanuni ya masapeur ya kutopita rangi tatu mwilini ni nzuri na naikubali. Lakini rangi tatu za tergali bado ni tergali.

Kitambaa ni sufu. Hapo sibishani na mtu. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujauhisi mwilini. Tergali hainyonyi kitu, inakupa baridi ya nje na jasho la ndani kwa wakati mmoja. Uzito usipungue gramu mia nne kwa mita. Tuidi kwanza, kisha flana nzito, kisha, nje ya sufu, kodrai kwa mwalimu na mhubiri. Rangi ni za nchi yenyewe: udongo, kijani cha malisho, kijivu cha mawe ya volkano. Nyeusi ni ya maziko. Ndani ya koti, kizibao au sweta ya shingo ya V, kamwe si ya duara, kwa sababu ya duara inamfanya mtu mzima aonekane kama anakwenda shule. Kofia ni ya felti, ukingo wake uteremke kidogo mbele, na avuaye kofia nyumbani kwa watu aishike mkononi, asiitundike juu ya goti.

Miguuni vijana wananichosha kuliko popote. Wanaona aibu kuvaa bote. Barabara ya Mweso kuja huku ikinyesha inajulikana, na motari hatakubeba mpaka mlangoni. Muungwana wa Masisi hufika na bote za mpira, viatu vyake viko katika mfuko, vimefungwa kwa kitambaa, na hubadilisha ukumbini mbele ya kila mtu bila haraka. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Anayefika na mokasini nyeupe zilizojaa tope amekuja kutuonyesha umaskini wa akili. Suruali ya mtu wa bote ishonwe nyembamba kuanzia goti kwenda chini ili iingie bila kujikunja, lakini ikitoka ifike juu ya kiatu. Fundi anayeweza hilo ni adimu, ila tuendelee.

Maana hayo yote, kitambaa, rangi, bote, hata mshamba anaweza kujifunza kwa wiki moja. Kuna mahali pamoja ambapo hatazami kamwe, na ndipo ninapotazama mimi kwanza mtu akigeuka. Ni kisogoni.

Mwangalie kwa nyuma. Kola ya koti inatakiwa ilale juu ya ukosi wa shati, iushike pande zote, na ukosi uchungulie juu yake kwa unene wa kidole kimoja, si zaidi. Katikati ya hivyo viwili kusiwe na mwanga hata kidogo. Ukiona mwanya, ukiona kola imejitenga na shingo mithili ya mtu aliyekasirika, basi koti hilo limekwisha, hata kama limetoka Paris. Kwa mtu wa Kinshasa huo mwanya ni aibu tu. Kwa mtu wa hapa ni mlango: mvua inashuka humo, upepo unashuka humo, na sufu yako yote nzito inakuwa kazi bure.

Kwa nini mshamba haoni? Kwa sababu kioo kinamwonyesha kifua. Ananunua kifua, anasifiwa kifua, na picha zote anapigwa kwa mbele. Wauzaji wanajua. Nenda Birere kule Goma, ujaribu koti lolote, uone mkono wa muuzaji unakwenda wapi. Unakwenda mgongoni mwako. Anakunja kitambaa ngumini, anakivuta chini na nyuma, na mbele ya kioo koti linakukaa, kola inanata shingoni, kiuno kinaonekana. "Papa, hii ilishonwa kwako." Ukilipa, anaachia. Nimemwona mmoja aliyefanya vile kwa mkono mmoja huku wa pili unapokea pesa, na nakiri ustadi ulikuwepo, ingawa si wa ushonaji.

Mwanya hauzaliwi kwenye kola peke yake. Huenda mabega ya koti yamenyooka na ya mtu yameinama. Huenda mgongo ulikatwa mfupi kwa mtu mwenye kibiongo kidogo, na wengi wetu tuliobeba mizigo utotoni tunacho. Mara nyingi ni kwapa. Hapa ndipo mafundi wa siku hizi wanapotea kabisa: mteja analalamika kwamba mkono unabana, fundi anapanua tundu la kwapa, wote wanafurahi. Kumbe kwapa likiwa kubwa na la chini, kila unapoinua mkono unainua koti zima, na kola inaruka kutoka shingoni. Kwapa la juu, lililo karibu na mwili, ndilo linaloruhusu mkono uende peke yake. Jaribu hivi: kaa juu ya pikipiki, shika usukani. Kola ikibaki mahali pake, umepata koti. Ikipanda hadi masikioni, umepata gunia lenye vifungo.

Kitchanga kulikuwa na mzee mmoja fundi ambaye hakuwahi kumpima mteja akiwa ametulia. Alimwambia azungumze na mtu mwingine, habari za ng'ombe au za bei ya maharagwe, naye akazunguka nyuma na chaki. "Mbele kila mtu anajipanga," alisema. Kola yake ya chini aliikata mshazari, akaishona na kanvasi kwa mishono midogo midogo ambayo haionekani, kisha akaiweka chini ya pasi ya makaa na kitambaa chenye maji, akavuta ukingo wa nje polepole hadi ukakubali kuzunguka. Majivu aliyapuliza nje ya nyumba kwanza, na mwanafunzi aliyesahau alikwenda kufagia. Kola ile ilikuwa imejikunja kabla haijashonwa kwenye koti. Ukiiweka mezani ilikaa kana kwamba kuna shingo ndani yake.

Kizazi chake kilijua kola, na sababu yake itawaudhi wengine. Rais Mobutu alipopiga marufuku kostime na kravati mwanzoni mwa miaka ya 1970, mafundi wa nchi nzima walibaki na koti la abacost. Lile halikuwa na kravati wala ukosi wa shati wa kuficha makosa. Kila kitu kilikuwa shingoni, na mkuu wa wilaya aliyevaa kola inayopwaya alijulikana kabla hajafungua mdomo. Karibu miaka ishirini ya kazi hiyo iliwafunza. Tarehe 24 Aprili 1990 kravati zikaruhusiwa tena, watu wakashangilia, na kravati ikaanza kufunika uvivu. Sisemi utawala ule urudi. Nasema kola zilikuwa bora.

Wadanganyifu nao wana elimu yao. Yupo anayebana mwanya kwa kushindilia pamba chini ya kola. Inashika hadi mvua ya kwanza. Yupo anayepiga pasi kola dakika chache kabla hujafika, ikiwa bado na mvuke inakaa vizuri, ukifika nyumbani imeamka. Yupo anayekutoza pesa ya kanvasi kisha akabandika ya gundi, kama viwanda vilivyozoea tangu miaka ya 1960, na hayo ndiyo malengelenge ya kijana wetu: maji na gundi vimegombana. Kumkamata ni rahisi. Shika lapeli karibu na kifungo cha juu kwa vidole viwili, vuta kitambaa cha mbele na cha nyuma viachane. Ukihisi kitu cha tatu kinaelea katikati, kikavu, chenye nywele za farasi, toa pesa. Ukihisi ubao, rudisha. Na yule wa vibandiko vya majina makubwa simhesabu hata kidogo, kwa kuwa anayeacha kibandiko juu ya mkono wa koti ili watu wasome amejiibia mwenyewe.

Makoti mazuri bado yanapatikana, tena si dukani. Yako katika balo la mitumba. Tangu Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, mzigo mwingi umekuwa ukitafuta njia kati ya Goma na Gisenyi, na upande wetu wa mpaka mitumba haijawahi kukosekana. Ukiwahi balo likifunguliwa asubuhi, utakuta tuidi ya mzee fulani wa Ulaya aliyefariki, wajukuu wake wakaitupa bila kujua. Itakuwa na kanvasi ya kweli, kwapa la juu, na mifuko isiyolegea. Wenzako watakuwa wanagombania tergali inayong'aa. Waache wagombane.

Wa kurekebisha ndio wamepungua. Vita vimepita njia hii ya Kitchanga, Mweso, Kashuga hadi Kalembe mara nyingi mno. Fundi akikimbia hubeba kichwa cha mashini yake. Meza, pasi na vipande vya kanvasi hubaki. Nimewaona kambini wakishona sare za shule, na ni kazi ya heshima, inalisha watoto. Lakini mkono usioshika sufu kwa miaka kumi unasahau kuvuta kola, na wanafunzi wao hawakuwahi kuona ikivutwa.

Sasa nasikia vijana wanachukua makabuti ya babu zao, yale mazito ya zamani, wanayapeleka yakabanwe yawe ya kisasa. Nawaomba, ndugu zangu. Kiuno cha koti hupunguzwa. Mikono hufupishwa. Kola inaweza kung'olewa na kuwekwa upya, fundi akiwa fundi. Mabega hayaguswi, kwa sababu kanvasi, kwapa na kola vyote vimening'inia hapo, na anayekuahidi kupunguza mabega kwa jioni moja, chukua kabuti lako uondoke.