Kiuno cha Nguzo

Ing'oe nguzo ya nyumba kuukuu ya udongo, uitazame. Juu imekauka, ngumu kama siku iliposimikwa. Chini kabisa, shimoni, mara nyingi bado ina nguvu. Palipoliwa ni kiunoni, kwenye uso wa ardhi, shubiri moja juu na moja au mbili chini. Wengi husema imeozeshwa na maji, na hiyo ni nusu ya habari. Anayeozesha mti ni kuvu, naye hutaka kunywa na kupumua kwa pamoja. Magogo yaliyokitwa kwenye tope la Venice yamebeba majumba kwa mamia ya miaka kwa sababu huko maji ni tele na hewa ni haba. Na mti wenye unyevu usiofika asilimia 20 kuvu haiuwezi. Kiunoni maji na hewa hukutana. Fundi anayelijua hilo ndiye ninayemsifu. Huyo hubandua gome lote, humwaga kokoto shimoni maji yapate njia, kisha hushindilia udongo kuzunguka nguzo hadi uinuke kama kichuguu kidogo, mvua ikinyesha ikimbilie nje. Paa nalo hulishusha upenu mrefu. Nyumba ikiisha, kazi hii haionekani, na pengine ndiyo maana hailipwi inavyostahili.

Siku hizi kuna dawa na saruji, wataniambia, taabu yote hiyo ya nini? Dawa siibezi: nguzo za umeme za mikaratusi hushindiliwa dawa kwa shinikizo, zikadumu. Lakini ikate ncha kwa msumeno, umeshafungua mlango wa moyo wa mti ambako dawa haikufika. Oili chafu huishia kwenye ngozi. Na saruji? Mti ukikauka hunywea, huachana nayo, maji huteremkia kwenye mwanya yakakosa pa kutokea. Umeiweka nguzo ndani ya kikombe. Wajenzi wa Norwei, baada ya makanisa yao ya kwanza kuoza miguu ardhini, walizipandisha nguzo juu ya mihimili iliyolazwa kwenye mawe, na kanisa la Urnes la karne ya 12 lingali wima. Anayependa kuchimbia tu naye asikose mfano: kwenye hekalu la Ise, Japani, nguzo hukitwa udongoni moja kwa moja. Hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013.