Nyumba Moja, Wenye Nyumba Wawili

Nimechoka na njiwa. Kila vita vikilipuka kati ya Waisraeli na Wapalestina, washairi chipukizi wa mjini hukimbilia njiwa, tawi la mzeituni na mtoto anayelia. Beti nne, vina vimekaa sawa, ujumbe: tupendane. Mshairi anaweka kalamu chini, analala usingizi mnono. Jamani, mimi sikatai amani. Nani aikatae? Ninachokataa ni amani ya bure, ile isiyojua hata ugomvi wenyewe ni wa nini. Ugomvi ni wa nyumba. Basi hebu tuwatazame waandishi wawili, mmoja kila upande, waliothubutu kuingia ndani ya nyumba hiyo.

Wa kwanza ni Ghassan Kanafani. Alizaliwa Akka mwaka 1936, akawa mkimbizi mwaka 1948, akauawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari lake mjini Beirut mwaka 1972. Riwaya yake fupi kuhusu kurudi Haifa ilitoka mwaka 1969. Kisa chake ni hiki: Aprili 1948 Said na mkewe Safiyya wanasukumwa na mapigano hadi bandarini, na mtoto wao mchanga, Khaldun, anabaki nyumbani kitandani. Miaka 20 baadaye, baada ya vita vya 1967, wanapata njia ya kurudi. Wanabisha hodi kwenye mlango wao wenyewe. Anayefungua ni Miriam, Myahudi kutoka Ulaya, ambaye baba yake alifia Auschwitz. Vyombo ni vile vile. Manyoya ya tausi yaliyokuwa saba, sasa ni matano. Na Khaldun yupo hai, ila sasa anaitwa Dov, na amevaa sare za jeshi la Israeli.

Kumbuka, Kanafani hakuwa mtu wa katikati. Alikuwa msemaji wa chama kilichobeba silaha. Ungetegemea amchore Miriam kama shetani. Wapi! Anampa kidonda chake, kisha anamfanya ashuhudie maiti ya mtoto wa Kiarabu ikitupwa ndani ya lori kama kuni, mpaka anatamani kuihama nchi ile. Hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Kasoro ipo: Dov anazungumza kama wakili, na sehemu ya mwisho inageuka mdahalo. Tena mwisho wenyewe si wa amani hata kidogo. Said anaondoka akiomba kwamba mwanawe mwingine, aliyemkataza kujiunga na wapiganaji, awe amekwisha kwenda.

Wa pili ni S. Yizhar, Mwisraeli aliyekuwemo katika vita vya 1948. Hadithi yake, Khirbet Khizeh, ilitoka mwaka 1949, moto haujapoa. Askari wanapewa amri: ondoeni wanakijiji, wapakieni kwenye malori, bomoeni nyumba. Msimulizi ni mmoja wa askari hao. Polepole anang'amua kwamba uhamisho ambao watu wake waliulilia miaka 2,000 ndio huu, na safari hii wao ndio wanaouendesha. Kasoro yake nayo kubwa: askari anahuzunika, lakini kazi anaimaliza. Wanakijiji hawana majina, ni migongo inayoondoka. Machozi ya aliyeshika bunduki hayamrudishi mtu nyumbani. Hata hivyo kitabu hicho kiliingia katika mitaala ya shule za Israeli mwaka 1964. Taifa lililokubali watoto wake wasome jambo kama hilo lilikuwa limeacha mlango wazi, japo kwa ufa tu.

Kuna atakayesema, hayo ni ya kwao huko. Si kweli sana. Mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wazayuni ahadi ya ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mkutano wao uliikataa mwaka 1905. Wamaasai na Wanandi hakuna aliyewauliza. Kidogo tu, na Said angekuwa babu wa mtu wa Eldoret.

Sasa tumaini liko wapi? Mwaka 2008 ukumbi wa Cameri wa Tel Aviv uliigiza kisa cha Kanafani kwa Kiebrania. Waisraeli walilipa kiingilio, wakakaa gizani wakamsikiliza Said. Haikuzuia chochote, najua. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli, na vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza. Kitabu hakizuii risasi. Lakini siku watu hawa wawili watakapoketi kugawana walichonacho, itabidi kila mmoja ajue kilichompata mwenzake ndani ya nyumba ile. Kujua huko hakuletwi na njiwa.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, ukitaka kuandika amani, ya huko au ya shamba linalogombaniwa kijijini kwenu, anza na ufunguo, anza na kitanda cha mtoto. Kisha mkaribishe yule usiyempenda, mpe kiti, mpe hoja yake iliyo bora kabisa. Ikikushinda kuijibu, usiifute. Iache pale pale kwenye ukurasa, nasi wasomaji tuhangaike nayo pamoja nawe.