Kiu ya Utambi

Bibi yangu alikuwa na kandili iliyoning'inia kwenye msumari jikoni. Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, aliishusha na kuiweka mapajani. Kwanza alikivuvia kioo kwa ndani, akakifuta masizi kwa kitambaa kikavu. Kisha alipandisha utambi na kuukata kwa mkasi wa kushonea. Mkato wa kwanza ulinyooka, ukaondoa ncha nyeusi iliyoungua. Miwili iliyofuata ilikuwa midogo mno: alipunguza pembe ya kushoto na ya kulia, taratibu, kama mtu anayemkata kucha mtoto mchanga. Nilimwuliza sababu. "Utambi ukiachwa na pembe, mjukuu wangu, moto nao huota pembe," alinijibu.

Nilimwelewa siku aliposafiri, nikaukata utambi mwenyewe bila kupunguza pembe. Moto uliinuka pande mbili, katikati ukabonyea, na kabla hatujamaliza kula kioo kilikuwa cheusi hadi juu. Usiku ule tulikaa na taa inayowaka bila kuangaza.

Tangu hapo nimeamini kwamba kuweka utambi ni ufundi kamili. Seremala husifiwa kwa sababu mlango wake unaonekana. Mtu anayeyafanya mafuta yapande kwa kiasi chake hana cha kuonyesha isipokuwa mwanga wenyewe, na mwanga ukiwa mzuri hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Tulitazame jambo hili kwa karibu. Mafuta yako chini, moto uko juu, na katikati hakuna pampu wala mkono unaosukuma. Mafuta hupanda yenyewe, kwa sababu kimiminika kikikuta nafasi nyembamba ambayo kinaweza kung'ang'ania kuta zake, huparamia. Simamisha majini mrija wa kioo wenye tundu la milimita 1, maji yatapanda ndani yake kama sentimita 3. Tundu likiwa sehemu ya kumi ya hilo, yatapanda mara kumi zaidi. Ndiyo maana pindo la kanga likigusa beseni, kanga huloa hadi mahali ambapo maji hayakufika. Utambi ni mamia ya mianya ya namna hiyo kati ya uzi na uzi. Moto unapoyala mafuta yaliyofika juu, mengine huja kushika nafasi yake. Utambi una kiu, na moto huifanya kiu hiyo isiishe.

Ugumu uko kwenye kipimo. Mwanya mwembamba hupandisha mafuta mbali, ila huyapitisha machache, tena polepole. Mwanya mpana hupitisha mengi, ila hayafiki juu. Utambi uliobanwa sana hufa njaa huku tangi limejaa, na uliolegea hulewa, ukatoa moshi na kuvuja. Kati ya njaa na ulevi kuna mahali padogo, na pale ndipo fundi anapotafuta kwa vidole.

Nimewahi kumtazama fundi mmoja wa majiko ya mafuta, yale tunayoyaita majiko ya mchina, aliyekuwa na meza pembezoni mwa soko. Dada mmoja alileta jiko la tambi kumi, sufuria zake zikiwa nyeusi. Fundi alichomoa tambi zote kuukuu, zilizokuwa ngumu kama kamba iliyokaushwa na chumvi. Akapenyeza mpya moja moja kwenye vijibomba vyake kwa kipande cha waya. Kila alipomaliza mmoja, aliuvuta kidogo kwa vidole viwili. Ukikataa kabisa kusogea, aliutoa na kuupunguza nyuzi mbili tatu. Ukiteleza bila kugusa kuta, aliutoa pia, akaongeza. Zote zilipokaa, alilaza kipande cha bati kilichonyooka juu yake, akachungulia kwa jicho moja kama anayelenga manati. "Mmoja ukizidi wenzake," alisema, "huo ndio utakaokutia masizi."

Akamimina mafuta, akakaa. Dada alikuwa na haraka: "Washa basi tuone, fundi." Fundi hakugusa kiberiti. "Acha zinywe kwanza, dada."

Sentensi hiyo ina elimu yote ya utambi. Watu wengi hudhani kinachoungua ni pamba. Kinachoungua ni mvuke wa mafuta, na pamba hukaa katikati ya moto ikilindwa na mafuta yaleyale yanayoipitia. Mafuta yakichelewa, moto huigeukia pamba. Ncha ikishaungua, mianya huziba kwa mkaa, mafuta hupungua zaidi, na utambi mpya huharibika kwa dakika tano za papara. Baada ya kama robo saa fundi aliwasha. Moto ulianza wa manjano, ukazunguka, kisha ukatulia ukawa wa buluu pande zote. Dada yule alilipa akaondoka bila neno, na nadhani fundi hakuhitaji sifa nyingine.

Wenye akili wa kila zama wameinamia kazi hii. Mwaka 1780 Mswisi Aimé Argand aliutengeneza utambi uwe mviringo wenye uwazi katikati, hewa ipite ndani na nje ya moto, na taa ikang'aa kuliko zote zilizotangulia. Mwaka 1825 Mfaransa aitwaye Cambacérès alisuka utambi wa mshumaa kwa namna inayoufanya ujipinde unapowaka, ncha yake itoke nje ya moto na kuteketea yenyewe. Kabla yake, mshumaa ulidai mtu wa kuukata utambi wake kila mara. Tukipuliza mshumaa leo na kuona utambi umeinama, tunaona mkono wa mtu aliyewaza kuhusu pamba.

Nilidhani ufundi huu unakwisha, mpaka mpwa wangu aliporudi likizo kutoka Dubai na sigara ya kielektroniki. Mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ndiye aliyebuni mwaka 2003 kifaa kilichoeneza uvutaji wa namna hii. Sisifu uvutaji wa mpwa wangu. Nikotini ni mtego, na nilimwambia waziwazi. Lakini alipokaa barazani kubadilisha pamba ya kifaa chake, nilisogeza kiti.

Ndani mlikuwa na waya mwembamba uliozungushwa kama springi, si mrefu kuliko punje chache za mchele. Alisokota ncha ya pamba, akaipitisha katikati ya waya na kuivuta polepole. Pamba ilipita kwa kusugua, waya haukupinda. Akakata mikia miwili, akaichambua kwa sindano hadi nyuzi zikaachana, akailaza juu ya vijitundu vya kupitishia kimiminika bila kuishindilia. Kisha akadondosha matone, na pamba nyeupe ikageuka kama ganda jembamba la kitunguu, ikipenya mwanga.

"Mjomba, wengi hukosea hapa," aliniambia. "Wanajaza pamba nyingi wakidhani nyingi ndiyo inayonywa." Kimiminika chake kilichanganywa glisirini, nzito mithili ya asali, na propilini glaikoli iliyo nyepesi zaidi. Kikiwa kizito, pamba hulegezwa ili kipite. Kikiwa chepesi, pamba iliyolegea hufurika, kifaa kikakoroma na kuvuja hadi mdomoni. Kimiminika kikikosekana, waya huunguza pamba na koo hupata habari mara moja. Alijaza tangi, akakiweka kifaa mezani, tukaongea mambo mengine dakika kumi nzima. Bibi hakuwahi kukiona kifaa kile, lakini mkono niliouona ulikuwa wake.

Taa za sola zimeingia vijijini, nami nafurahi. Hazina moshi wa kumliza mtoto anayesoma, wala hazianguki zikateketeza nyumba. Lakini utulivu wa yule aliyejua kwamba kimiminika hakikimbizwi hauna badala dukani. Ni utulivu wa mtu anayeandaa njia, akapima kwa vidole, kisha akasubiri. Mzee mwenye ujuzi huo aufundishe angali hai, hata kama kandili imebaki moja tu mtaa mzima.

Nawe uliye nayo, usiichanganyie petroli, wala usiongeze mafuta ingali inawaka. Kata utambi unyooke, upunguze pembe, ujaze tangi. Kisha kaa robo saa kabla ya kushika kiberiti.