Fundi wa Kuunga Kiuno

Skrubu inayoingia kwenye pingili ya kiuno ina njia moja tu ya halali: kikonyo cha mfupa kinachounganisha sehemu ya mbele ya pingili na ya nyuma. Upande wa ndani wa kikonyo kuna mfuko wa mishipa ya fahamu. Chini yake unapita mshipa uendao mguuni, na mbele, skrubu ikiutoboa mfupa ikatokea ng'ambo, inakutana na mishipa mikuu ya damu. Skrubu yenyewe huwa na unene wa milimita 6 au 7 na urefu wa sentimita 4 hadi 5. Daktari haoni ndani ya mfupa. Eksirei humsaidia, lakini kazi inafanywa na kiganja: anasukuma chuma chembamba chenye ncha butu, taratibu, akikizungusha huku na huku. Mfupa laini wa ndani unakubali kwa mkwaruzo wa chembechembe. Mfupa mgumu wa ukutani unakataa. Chuma kikizama ghafla bila ukinzani, ujue kimetoka nje. Kabla ya kufunga skrubu anaingiza waya wenye kitone nchani, anapapasa kuta zote nne na sakafu. Katika udaktari wote, kupapasa huko ndiko ninakokuhusudu zaidi.

Viuno vilivyochakaa mkoani Kagera havihitaji kutafutwa. Pita Muleba wakati wa kuvuna kahawa, au simama barabara ya kuingia Bukoba asubuhi uone mikungu ya ndizi ilivyofungwa kwenye baiskeli. Kibanja cha migomba kinapaliliwa kwa kuinama, maji yanapandishwa kutoka bondeni kichwani. Hata hivyo tusiutupie mzigo lawama zote, maana umri na urithi vina mkono mkubwa. Diski hukauka, hupungua kimo na kupasuka, hasa zile mbili za chini kabisa ambazo hubeba karibu kiwiliwili kizima. Kuna wakulima wanaofika miaka 80 hawajui kiuno kuuma ni nini, na makarani wasiowahi kushika jembe wanaoshindwa kuinuka kitini.

Ndiyo maana nusu ya ufundi huu ni kukataa kupasua. Kipimo cha MRI huonyesha diski zilizosagika hata kwa watu wasio na maumivu yoyote. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa 2001 uliupa ushindi upasuaji wa kuunga pingili dhidi ya tiba ya kawaida ya mazoezi. Ule wa Uingereza wa 2005, uliowapa wagonjwa wengine mazoezi makali yenye mpangilio, ukakuta tofauti ni ndogo mno. Daktari mwenye haraka ya kisu anazijua tafiti hizo, ila anakumbuka ule wa kwanza tu. Mwingine huuliza kwanza: "Shikamoo mama. Ukisukuma baiskeli ya ndizi ukiwa umeinama, miguu inakuuma zaidi au inapata nafuu?" Akijibu kwamba inapata nafuu, na ganzi humshika akitembea wima, hapo pengine njia ya mishipa imebanwa, na mara nyingi kuipanua kunatosha bila skrubu hata moja. Kuunga kunabaki kwa pingili iliyoteleza au inayocheza, na kwa wachache ambao mazoezi na dawa vimeshindwa kweli.

Hao wachache wana safari. Kutoka hospitali za Rubya au Ndolage rufaa hupanda hadi Bukoba, kisha Bugando, Mwanza, au mbali zaidi hadi MOI, Dar es Salaam, taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya 1996. Kwenye njia hiyo ya Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kwa mtu mwenye kiuno kibovu, kutosubiri kivuko ni tiba ya aina yake.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko skrubu. Mwaka 1911 huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunga migongo iliyoliwa na kifua kikuu. Albee alitumia kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe. Hakukuwa na chuma cha kushikilia, mgonjwa alilala miezi. Skrubu za kupita kwenye kikonyo zilianza kutumiwa Paris na Raymond Roy-Camille mwaka 1963. Watu husifu chuma, lakini chuma ni ule mti unaoegemezwa kwenye mgomba wenye mkungu mzito: kinashikilia tu, kukomaa si kazi yake. Mfupa usipoota, skrubu hulegea au vyuma hukatika siku moja kwa kuchoka.

Kwa hiyo fundi hutumia muda mrefu mahali pasipopigwa picha. Anatoa sehemu kubwa ya diski, anakwangua gegedu hadi mfupa utoe vitone vya damu, asizidishe, maana akilivunja tabaka hilo gumu la mfupa, kiunzi kitakachowekwa katikati kitazama. Kisha anajaza vipande vya mfupa, vingine kutoka fupanyonga, na kuuachia mwili. Kuungana huchukua miezi 6 hadi mwaka, na sigara huchelewesha. Pingili zilizoungwa hazikunjiki tena, hivyo diski ya jirani hubeba zaidi. Aliyezoea kazi huunga chache kadiri inavyowezekana.

Majuma ya mwanzo hakuna jembe, hakuna ndoo kichwani, hakuna kuinama kupalilia. Daktari mzoefu humwambia hayo mgonjwa, kisha huyarudia kwa mwana aliyemsindikiza, kwa sababu mama ataitikia kila neno na akifika Muleba atakwenda kuangalia migomba.