Uganga, Uchawi na Madhehebu Manane

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja huvaa uhusika wa kubuni, nao huitunga hadithi kwa mazungumzo na kwa kurusha dadu. Katika toleo la pili la kanuni zake zilizopanuliwa, la mwaka 1989, nguvu za siri zina madhehebu makuu manane. Tunayahakiki madhehebu hayo hapa kwa jicho la mwalimu wa Kasese au Bwera anayetaka kuwafunzia wanafunzi wake msamiati kwa mchezo huo.

Kwa juu juu kazi ni nyepesi. Kufunua yaliyofichika ni uaguzi, au kupiga ramli. Kudanganya macho ni kiinimacho na mazingaombwe. Kujikinga ni kago na zindiko. Kuleta viumbe kutoka mbali kunakaribiana na kuita majini. Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa.

Ugumu waanza tunapotafuta jina la mtendaji. Mchezo hugawa nguvu kwa kazi yake, wala hauangalii nia. Katika kanuni za 1989, kuponya jeraha na kutia jeraha ni tendo moja linalogeuzwa, na yote mawili yamewekwa katika dhehebu moja na mambo ya wafu. Kwa mtunga kanuni mpango huu ni nadhifu. Kwa msemaji wa Kiswahili hauna budi kushangaza. Lugha yetu huuliza kwanza: nani ametenda, na kwa nia gani? Twasema "mganga hajigangi", na twasema "mchawi mpe mwana kulea". Badilisha majina hayo mawili, na kila methali itapoteza maana yake.

Wala tofauti hii si ya pwani peke yake. Kwa Rutooro, omufumu si omurogo. Kwa Luganda, omusawo si omulogo. Bwera inapakana na Kongo, na Kiswahili cha upande wa pili kina mulozi, neno la shina moja na kitenzi chetu kuroga. Kaskazini-magharibi ya Rwenzori, mtaalamu E. H. Winter alieleza katika makala ya mwaka 1963 kuwa Waamba humtenga mchawi mwenye uovu wa ndani na mtu wa kawaida anayetumia dawa mbaya kwa husuda au chuki. Huo nao ni mgawanyo, lakini msingi wake ni moyo wa mtu.

Hata sheria imelazimika kutenganisha. Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957 haikuihesabu ibada ya mizimu ya nia njema kuwa uchawi, wala utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema. Basi mwanafunzi anayeandika katika insha yake kuwa bibi fulani mwenye dawa za majani ni "mchawi" amekosea msamiati, na zaidi ya hapo amemshtaki jirani yake. Katika vijiji vyetu neno hilo limewahi kumfukuza mtu nyumbani kwake, na limewahi kumwaga damu.

Kwa maoni yetu mchezo huu wafaa darasani, mradi mwalimu asiyapokee madhehebu manane kama yalivyo. Na achore ubaoni safu mbili: ya kwanza iwe ya kazi, kama vile kuagua, kukinga na kuponya, ya pili iwe ya nia. Mwanafunzi akishajaza zote mbili, ndipo aruhusiwe kumpa mhusika wake jina la mganga au la mchawi.